Saa Tatu, Juu ya Duka la Magodoro

Jumamosi, saa tatu kasoro dakika nne,
matangazo ya vifo bado hayajaisha.
Ezaru anayasoma taratibu, jina kwa jina,
mazishi Vurra, mazishi Ediofe,
"wanaarifiwa shemeji zake walioko Pakwach,"
nami nimesimama nyuma yake na mfuko wa nailoni,
ndani yake kanda, santuri mbili, simu ya kioo kilichopasuka,
najiuliza swali la kila wiki:
baada ya marehemu, mtu anapiga nini?

Sina jibu. Napiga adungu,
nyuzi tisa za Mzee Alioni, niliyemrekodi kwake Terego
jogoo akimkatiza mara mbili.
Jogoo sikumfuta.
Kisha rumba iliyovuka kutoka Ariwara bila kulipa ushuru,
kisha kwaya ya akina mama wa Kuluva,
kisha wimbo wa filamu ya Kihindi
ambao hakuna ajuaye maana yake
na mtaa mzima wa Oli huuimba mpaka mwisho.

Meneja ananiambia, "Onzima, huu ni mchuzi gani?
Chagua. Vijana au wazee. Dini au dansi."
Namwambia, nenda sokoni ukatazame sahani ya mwenye njaa:
ugali wa muhogo, maharage, dagaa,
na nanasi kandoni linalochuruzika hadi kwenye dagaa.
Nani alimwambia achague?
Anacheka. Anamkumbuka mfadhili, anaacha kucheka,
nami nasoma tangazo la magodoro
kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.
(Mimi nalalia mkeka. Hilo halimo kwenye tangazo.)

Kuta zetu tumezibandika trei za mayai;
joto la humu ni la kuku anayeatamia.

Mwezi wa tano, laini ya pili, mwanamke wa Koboko.
"Naitwa Kiden. Natafuta wimbo."
Jina lake?
"Silijui."
Wa lugha gani?
"Mama aliuimba akipepeta mtama, mdomo umefungwa.
Haukuwa na lugha. Ulikuwa na pua."
Basi nivumishie.
Akavuta pumzi, akapanda, akashuka,
akakwama kama mtu aliyeisahau ngazi ya tatu.
Nilimrekodi. Sekunde kumi na tisa.

Wiki iliyofuata nikaupiga ule mvumo wenyewe
katikati ya rumba na kwaya.
Simu zikamiminika. Ni wa Kinubi! Hapana, wa Kikakwa!
Mwalimu mstaafu wa Yumbe akaapa ni wimbo wa gwaride la shule
uliopindia njiani.
Dereva wa lori, yuko foleni Elegu,
akaongeza kipande chake kwa honi.
Mtoto mmoja, sauti bado haijavunjika,
akautilia ngoma ya jerikeni.
Nikaokota, nikaunga.
Wimbo ukaota miguu, ukaota kiitikio.

Jumamosi ya saba, saa nne na nusu, umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa. Feni akaipiga teke; ikakataa.
Dakika tatu hatuko hewani,
na katika dakika hizo, kutoka chini, kwa kinyozi,
nikawasikia wanaungojea mwisho wake kwa kuuimba,
wembe mkononi, wanauendeleza bila mimi.
Sijui nilikuwa na furaha au wivu.

Teke la pili likakubalika.
Tuliporudi, laini ya pili ilikuwa inawaka.
Bi Kiden! Umeusikia? Tumeupata!
Kimya. Kuku. Mfuniko wa sufuria.
"Mwanangu, sio huo."
Sio huo?
"Hata kidogo. Wa mama ulishuka pale ninyi mnapopanda."
Kisha, kabla sijaomba radhi:
"Lakini huu nao una utamu wake. Hebu urudie."

Nikaurudia. Magodoro yakangoja.
Zilibaki dakika sita,
na mfukoni kanda moja isiyo na maandishi,
ambayo sikumbuki niliipata wapi.
Nikaitumbukiza.